Nani Alichimba Hapa

Fundi alikuwa mtu wa kupiga. Nalisema hili mwanzo kwa sababu wanaompenda hulificha, na wanaomchukia hawana kingine cha kusema. Alipiga kwa kiganja, alipiga kwa kamba ya kupimia, na siku moja nilimwona akimtandika mtu mzima kwa ubao wa mti wa sipre kwa sababu alikata mzizi wa mti wa avoka, yaani parachichi, bila kumwuliza. Mimi pia alinipiga, zaidi ya mara moja. Lakini nyumba yake haikuua mtu. Siku tuliyomzika, wanaume wawili nyuma yangu walinong'ona kwamba huyu ndiye yule ambaye nyumba yake ya mbao ilimwangukia mtu kule milimani. Mtu huyo alikuwa kaka yangu. Nilikuwepo. Namjua aliyechimba. Niliulizwa mbele ya watu, nikasema sijui. Basi nimekaa niandike, mimi niliyeacha shule darasa la sita na kulisha familia kwa mabega.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sikuwahi kumwuliza. Mtaani kwake Buyenzi walimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wanajaribu. Mimi aliniita Dokeri, kwa kuwa alinikuta bandarini nikipakua mizigo.

Siku hiyo boti ya Kongo ilikuwa imeleta mbao. Mfanyabiashara mmoja alizipanga gatini, amezinyunyizia vumbi la randa ili zionekane kavu. Fundi alifika na kofia yake nyeupe ya msikitini na penseli sikioni. Akagonga ubao mmoja kwa kifundo cha kidole, akaunusa, halafu akaulamba. Mfanyabiashara akacheka.

"Muzee, we unakula mbao?"

Fundi alinigeukia mimi niliyekuwa na mbao mbili begani. "We, hizi mbao zililala wapi?"

Bosi wangu alikuwa ananitazama. Nikasema, "Zililala ndani ya maji, Muzee. Siku mbili."

Mfanyabiashara alianza kumtukana mama yangu. Tusi hakulimaliza. Kofi la Fundi lilimpata shavuni, kofia ya mfanyabiashara ikaruka mpaka ziwani, damu ikamtoka mdomoni. Watu walipokwisha kuwatenganisha, Fundi aliniambia huku anahema, "Umesema kweli, sasa watakufukuza. We ni mujinga. Njo kwangu Buyenzi." Nilifukuzwa kabla ya adhuhuri. Baadaye bandarini walinirudisha, lakini siku zisizo na meli nilimbebea Fundi nguzo zake, na hivyo ndivyo nilivyomjua kwa miaka mingi.

Hasira yake haikubisha hodi. Ungemwona anapiga randa, anaimba chini chini, halafu ghafla kitu kinaruka. Msamaha hakujua kuuomba. Aliyempiga jana, leo asubuhi alimwekea mkononi maandazi ya moto yaliyofungwa kwa gazeti, akamwambia, "Kula, kisha ushike kazi." Kuna waliokula. Kuna mmoja aliyemtupia maandazi usoni akaenda zake. Fundi hakumtafuta huyo, lakini alimsifu mbele yetu wiki nzima. Mwingine aling'oka jino, na maandazi hayarudishi jino. Sitaki kumfanya awe mwema kuliko alivyokuwa.

Nyumbani kwake ilikuwa mambo mengine. Mke wake alikuwa mwembamba, mfupi, akimfika kifuani, na alimwita "we bwana." Tukiwa pale uani, Fundi ameanza kupandisha sauti, mke wake alitoa kichwa dirishani, akasema, "We bwana, kaa." Akakaa. Kiwewe kilitupata mara ya kwanza. Baadaye tulizoea, na mjinga mmoja kati yetu alipojaribu kusema "kaa" kwenye kazi, alikula kofi.

Na jambo ambalo sikulielewa kamwe: yeye aliyewajengea watu nyumba za mbao zilizopitisha upepo, na kupigania kila mti uliosimama, aliishi katika chumba cha matofali ya saruji, paa la bati, ua wote umesakafiwa, hakuna hata jani moja la kijani. Nilimwuliza siku moja. Akasema, "Hapa ni tambarare. Hapa hakuna kitu cha kuua." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Maana kilichompandisha hasira kuliko chochote kilikuwa jembe kwenye mteremko. Huku kwetu mtu akipata kiwanja mlimani, kazi ya kwanza ni kuchimba. Anaukata mlima upande wa juu, anautupa udongo upande wa chini, anapata mahali pa bapa, anapandisha matofali, anafagia ua mpaka unang'aa, na majirani wanasema huyu sasa amejenga. Mvua zikija, makorongo yanatanuka, na kila msimu tunasikia ukuta wa nani umeondoka na nani alikuwa ndani. Fundi aliita kazi hiyo kuchinja. "Munachinja mulima," aliwapigia kelele watu tusiowajua kabisa, akiwa amepanda nyuma ya pikipiki, "halafu munashangaa anatoa damu!" Walimrushia mawe mara mbili. Mara ya pili alishuka kwenye pikipiki akayarudisha.

Tajiri mmoja alimwita amjengee juu ya mji, mahali mtu anapoliona ziwa lote. Alikuwa na ramani iliyochapwa kwenye karatasi kubwa, yenye rangi, na mtu wa kumlinda. Fundi aliitandaza ramani ile chini, kwenye mteremko wenyewe, akaichomekea vijiti pembeni, akachukua dumu la maji akalimimina juu yake. Maji yakapita sebuleni, yakapita chumba cha kulala, yakachana karatasi katikati.

"Umeona?" alisema. "Mi sijagusa kitu. Ni mulima umekuambia."

Mlinzi alimpiga kwa kitako cha bunduki, hapa juu ya jicho. Tulimteremsha akiwa amejaa damu mpaka kwenye shati. Kesho yake alipanda tena peke yake. Tulidhani amekwenda kulipiza. Alikwenda kuchukua kamba yake.

Namna yake ya kupanga nyumba iliwachosha watu. Hakuchora kabla ya mvua. Alikusanya majivu ya jikoni kwa magunia, na alipoona mawingu yananing'inia upande wa Kongo, alipanda mlimani akamwaga majivu kwa mistari mirefu iliyokata mteremko, mstari mmoja juu ya mwingine, kama mistari ya daftari. Mvua iliponyesha alivua viatu akasimama katikati yake, anatazama. Mvua ikikatika, alitembea juu ya mistari. Majivu yalipokuwa yamekatika, hapo maji yana njia yao, hapo haweki kitu. Majivu yalipobaki, alipiga kigingi. Mvua tatu, wakati mwingine nne. Wenye viwanja walilalamika kwamba wenzao walioanza pamoja nao wamefika kwenye paa.

"Basi nenda ukalale kwake," aliwaambia, "uniambie kama utaamka."

Shamba letu liko milimani juu ya Gasenyi, alituachia baba. Ni mteremko mkali. Mama aliwafunga mbuzi kwa kamba fupi kwa hofu wataviringika. Sisi tulikuwa tumepanga vyumba viwili mjini, Nyakabiga. Kuna mwaka wa machafuko risasi zilipita kwenye mabati yetu tukiwa tumelala sakafuni, watoto katikati yetu, na mke wangu, Mama Divine, alisema hatamaliza uzee wake akihesabu matundu. Nikamwendea Fundi. Nilimwambia sina fedha za matofali. Akasema, "Hata ungekuwa nazo."

Mvua zake tatu zilipopita, alijenga nyumba ndefu na nyembamba, iliyolala kufuata mgongo wa mlima, haikushuka nao. Nguzo za nyuma zilinifika gotini. Za mbele zilikuwa ndefu kuliko mimi. Zote zilikuwa mikaratusi, na miguu yake tuliichoma motoni mpaka ikawa makaa nje na ngumu ndani, ili mchwa wasiiguse na tusimwage dawa kwenye udongo ambao kuku wanadonoa. Hakuzichimbia. Kila nguzo ilisimama juu ya jiwe, na kila jiwe alilikalisha kwa mikono yake, amelala kifudifudi, shavu kwenye nyasi, akitazama kama limekaa. Mti wa avoka aliuacha. Baraza alilikunja likauzunguka. Nyasi chini ya nyumba hazikung'olewa hata moja.

Watu wa mlima walikuja kuangalia na kucheka. Mama yangu hazungumzi Kiswahili sana, alisema kwa Kirundi, nami nikamtafsiria Fundi, "Anauliza kama atazeekea ndani ya kabati."

Nilikuwa tayari kupokea kofi kwa niaba ya mama. Lakini Fundi alivua kofia. "Mwambie Mama, hili kabati litakuwa na baraza. Atakaa, ataona ziwa, atatusahau sisi wote."

Kaka yangu ndiye hakucheka. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka tisa, na alikuwa na duka la saruji pale Gasenyi. Baba alipokufa yeye ndiye aliyetulea. Viatu vyangu vya kwanza vya shule alinivalisha yeye. Alisimama chini ya nguzo zile, mikono kiunoni.

"Mudogo wangu," alisema, "kaka yako anauza saruji. Mutu akiniuliza mudogo wako alijenga na nini, niseme nini? Kwamba alijenga banda ya kuku?"

"Kuku hawatanyeshewa, Kaka," nikasema.

"We cheka tu."

Mvua kubwa ya kwanza tuliisikia ikipita chini ya sakafu, inanguruma kama lori, na mama akaanza kusali kwa sauti. Asubuhi nilishuka kutazama. Nyasi zilikuwa zimelala, mawe yote mahali pake. Maji yaliyotoka upande wa chini yalikuwa karibu meupe, wakati korongo la jirani lilikuwa linatiririsha tope jekundu. Fundi alikuja, akazunguka nyumba mara moja, akala viazi vya mama. Kabla ya kuondoka alipita mbele ya nguzo ndefu, akiburuta kisigino, akachora mstari kutoka upande hadi upande.

"Dokeri, hapa jembe isipite. Nimesema. Hata kupanda maharagwe. Hata mutu akikuomba."

"Ndiyo, Fundi."

Tuliishi vizuri kwa miaka minne.

Kisha binti yangu Divine akachumbiwa na kijana wa familia nzuri, watu wa mjini. Kwetu, siku ya mahari, familia mbili hukaa chini ya mahema mawili zikitazamana, na wasemaji wao husimama katikati na kupimana maneno. Wote wanakaa usawa mmoja. Kaka, kama mkubwa wa ukoo, ndiye aliyekuwa mwenye shughuli. Alipanda kutazama mahali, akasimama mbele ya nyumba yangu, akageuka.

"Wakwe wakae wapi?"

"Hapa mbele, Kaka. Sisi upande wa nyumba, wao chini kidogo."

"Chini?" Uso wake ulibadilika. "Tuwaangalie vichwa vyao toka juu? Ao sisi tukae chini, wao watumwagie pombe kichwani? We mudogo wangu, unataka wakwe wakae kwenye muteremko kama mbuzi?"

Nilimwambia habari ya mstari. Akasema kwamba Fundi si baba yetu. Akasema kwamba yeye alinivalisha viatu. Hilo lilikuwa kweli. Kesho yake nilikwenda bandarini. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Namba ya Fundi ilikuwa ndani ya simu. Niliporudi siku ya pili jioni, wanaume wanane, majirani zetu, walikuwa wanachimba mbele ya nguzo ndefu. Walikwisha fika kina cha kiuno. Kaka alisimama juu ya udongo mwekundu uliorundikwa, anacheka, anawatania, amefurahi kama siku aliponunua pikipiki yake. Nilimsalimia. Nikaingia ndani. Mama Divine alinitazama, akaniuliza, "Umemwambia Fundi?" Nikasema nitamwambia.

Walichimba siku nne. Walipata uwanja wa bapa, mzuri, umefagiwa, na nyuma yake ukuta wa udongo mtupu uliozidi urefu wa mtu, hatua moja tu kutoka kwenye mawe ya nguzo.

Mvua ilinyesha usiku, siku tatu mfululizo. Asubuhi iliyofuata kaka alikuja mapema na kamba na vigingi ili aonyeshe mahema yatasimama wapi. Nilikuwa juu, barazani, nafunga kiatu. Niliona kofia yake inapita chini, karibu na ukuta wa udongo. Alikuwa ananiambia kitu kuhusu viti. Halafu udongo ukatoa sauti kama mtu anayekohoa, nami nikaona mbele ya macho yangu mawe mawili yanaondoka chini ya nguzo. Baraza lilinitupa nyuma, mlangoni. Upande wa mbele uliinama, ukakatika, ukamwendea.

Tulimchimbua kwa mikono na kwa yale majembe yaleyale. Nguzo ilikuwa juu ya kifua chake. Macho yake yalikuwa na udongo ndani. Kiatu chake kimoja kilichomoka mguuni, nikakishika, na sikukiachia tena siku ile.

Mke wangu ndiye aliyempigia Fundi simu. Alifika kwa pikipiki, watu wameshakusanyika, wanawake wanalia, mwili umefunikwa kitenge. Hapo Fundi alifanya kosa, na ni kosa ambalo yeye tu angelifanya. Hakwenda kwanza kwa maiti. Hakumpa mama mkono. Alipita katikati ya waombolezaji moja kwa moja mpaka kwenye ule ukuta wa udongo, akapiga magoti, akatia mkono ndani yake mpaka kwenye kiwiko. Yeye akasimama, akageuka, uso umemjaa damu, akapiga kelele:

"Nani alichimba hapa?"

Wale wanane walikuwepo. Mmoja bado alikuwa ameshika jembe.

"Nasema nani alichimba hapa! Nani alichinja?"

Sauti moja ya mwanamume ikasema, "Nyumba yako imeua mutu, na we unauliza udongo?" Mwingine akasema, "Hata maiti hakuitazama." Na wakamvamia. Yeye alipiga pia, siwezi kusema hakupiga. Wa kwanza alimwangusha, wa pili alimpasua nyusi. Kisha wakawa wengi mno. Walimlaza kwenye ule uwanja uliofagiwa. Nikasikia mateke yanaingia mwilini. Alipopata nafasi ya kuinua kichwa alinitafuta kwa macho, akaniona.

"Dokeri! We unasema kweli! Sema, nani alichimba?"

Wote waligeuka. Mama yangu alikuwa amekaa chini kando ya kitenge, ananitazama. Kusema jina la kaka ilikuwa kumwua mara ya pili mbele ya mama yake, naye hajapoa bado. Niliwaza hivyo. Niliwaza pia kwamba watauliza nani alimruhusu.

Nikasema, "Sijui."

Mtu mmoja aliokota kipande cha nguzo ya baraza. Waliushika mkono wa kulia wa Fundi, wakautandaza juu ya jiwe, jiwe alilolikalisha mwenyewe, wakaupiga mpaka vidole vikapoteza umbo. Hakulia kama mtu. Alilia kama msumari unapong'olewa kwenye mbao mbichi. Mama Divine alijitupa juu yake ndipo wakaacha.

Hakuna aliyeshtakiwa. Tulimzika kaka. Mahari ya Divine ilipokelewa baadaye, mjini, katika ukumbi wa kukodi. Mama hakutaka kuiacha nyumba, maana upande wa nyuma ulibaki umesimama. Sisi tulirudi Nyakabiga, tukawa tunapanda kila Jumapili. Habari ilishuka mlimani ikaenea mjini kwamba nyumba ya mbao ya Fundi imeua. Hakuna aliyemwita tena. Mwaka ukapita, nami nilikuwa napakua mizigo, nakula, nalala kidogo. Mke wangu hakunigombeza. Kila Jumapili tukishuka aliniuliza tu, "Na leo hukumwambia mama?"

Kisha siku moja sokoni nikaona tezo ya Fundi, ile ya kuchongea mbao, kwenye meza ya muuza vyuma. Niliijua kwa mpini wake uliofungwa mpira wa baiskeli. Muuzaji aliniambia ameletewa sanduku zima la zana, na mwenyewe hana mkono wa kuzitumia.

Sikungoja Jumapili. Nilipanda mlimani mchana uleule. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anachambua maharagwe. Nilipiga magoti mbele yake, nikasema yote: mstari, simu mfukoni, siku nne, viatu vya shule. Nikasema, "Mama, kaka ndiye aliyechimba. Na mimi nilimwacha. Nyumba haikumwua."

Mama aliendelea kuchambua maharagwe. Nikadhani hakusikia.

"Mimi niliwapikia wachimbaji," alisema. "Siku zote nne. Siku ya pili nilimwuliza kaka yako, je, yule mzee anajua? Akaniambia, nyamaza, Mama. Nikanyamaza." Akaiweka sinia chini. "Na wale waliompiga, nilikuwa nimewapa chakula kwa mikono hii. Wote tulijua, mwanangu. Ulidhani mlima mzima ulikuwa kipofu?"

Akasimama, akafunga kitenge chake. "Nipeleke kwake."

Mama alikuwa hajashuka mjini tangu baba afe, hata kwa mahari ya Divine. Tulimkuta Fundi kwenye benchi nje ya chumba chake, mkono wa kulia juu ya paja, vidole vimekunjamana kama mizizi ya tangawizi. Majirani walikuwa wanafua, mafundi wa pikipiki upande wa pili wanagonga vyuma. Alipomwona mama alisimama. Mama hakutoa salamu. Alisema kwa Kiswahili chake kilichovunjika, kwa sauti kubwa ambayo sijawahi kuisikia kwake, mpaka nyundo zikanyamaza:

"Mi ni mama ya ule mutu alikufa. Ni mutoto yangu alichimba. Watu ya majembe, ni mi nilipikia. We hukuua mutu. Hukuua!"

"Na mi nilijua," nikasema. "Ulinikataza, nikaacha wachimbe. Uliniuliza, nikasema sijui."

Fundi alinipiga kwa mkono wa kushoto. Haukuwa na ustadi, lakini midomo ilichanika nikaionja damu. Akainua tena. Mke wake alitokea mlangoni. "We bwana, kaa." Akakaa.

"Kile kiwanja," alisema, "mulitaka kufanya nini na kile kiwanja?"

"Mahema mawili, Fundi. Ya mahari. Yatazamane. Kaka alisema mmoja atakuwa juu ya mwenziwe."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo la kitoto. Akavua ndala zake, akaziweka chini kwa mkono wa kushoto, moja huku, moja kule, zinatazamana. "Mulima unashuka hivi," alisema, akionyesha barabarani. "Hema hii hapa upande wa jikoni. Ingine pale upande wa avoka. Ziko mustari moja. Nani yuko juu?"

Hakukuwa na aliye juu.

"Saa moja ya kazi," alisema. "Ungenipigia simu tu, Dokeri."

Mama hakuwa ameelewa maneno yote, lakini alizielewa ndala. Alikaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa kitenge, na hapo ndipo nilipomsikia akimlilia kaka kwa namna ambayo hakuwahi kumlilia. Fundi hakumwambia anyamaze. Alisogea, akampa nafasi. Mafundi wa pikipiki walikuwa wamesimama tu, spana mkononi.

Alipotulia, Fundi aliniuliza, bila kunitazama, "Mulango ya nyuma. Unafunga?"

Nilielewa anauliza nini. Nyumba ya mbao ikisogea hata unene wa kucha, mlango ndio wa kwanza kukataa.

"Unafunga," nikasema.

"Kwa bega?"

"Kwa kidole, Fundi. Kimoja. Nimetoka kuufunga leo."

"Kidole kimoja," alisema. Akamgeukia mke wake pale mlangoni. "Umesikia?"

"Nimesikia, bwana," mke wake akasema. "Wote wamesikia."